Jiwe la Magaga

1

Kila asubuhi Mwakio aliingia ukumbini akamwita kwa nambari, na kila asubuhi hakuitikiwa.

"Kumi-na-Saba, umeamkaje?"

Kimya. Kichwa cha alabasta kilikaa juu ya kigoda chake cha chuma: shingo ndefu, pua iliyonyooka kama ukingo wa rula, mdomo mdogo uliobanwa, macho ya kombe yenye mboni za jiwe la buluu. Kwa nyuma kilikuwa bapa na cha kukwaruza, maana mafundi wa zamani walijua kitasimama ndani ya ukuta wa kaburi na hakuna atakayekizunguka. Taa ndogo ya kijani chini ya shingo ilionyesha kwamba aliyemo anasikia kila neno. Kimya chake kilionyesha kwamba amekasirika.

"Nambari ni ya mbuzi wa mnadani," alikuwa amesema siku ya pili tangu aamshwe. "Mkilipata jina langu, niiteni, nitaitika. Mpaka siku hiyo, mwenye haja nami aanze kwa salamu."

Mwakio, fundi mitambo wa ukumbi, mtu mcheshi asiyejua kununa, aliendelea kujaribu kila siku kwa sababu fomu yake ilikuwa na visanduku viwili, "ameitika" na "hakuitika", na kimojawapo lazima kitiwe alama kabla ya chai. Shamsa yeye alianza kwa salamu.

"Sabalkheri, Bibi."

"Sabalkheri, binti. Zimebaki ngapi?"

"Siku tisa."

"Jana zilikuwa kumi. Angalau katika hilo hamnidanganyi."

Shamsa binti Awadh Bamahriz alikuwa msomaji wa mawe katika Jumba la Waamshwa la Mombasa, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mkali wa herufi na mpole wa watu. Pwani nzima hakuna aliyemshinda kwa kusoma maandishi ya Arabia ya Kusini ya kale. Tuseme kweli, wasomaji walikuwa wawili tu, na wa pili alikuwa amestaafu na macho yake yamekufa. Majina ya wafu elfu tatu yalikuwa yamepita mdomoni mwa Shamsa, na kila jina alilisoma kwa sauti, hata akiwa peke yake, kwa sababu aliona ni adabu.

Kichwa kile kilichongwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, katika bonde la Bayhan. Utosini kilikuwa na tundu lililozibwa kwa chokaa na ubani, na ndani ya chokaa mlikuwa na unywele wa marehemu. Hapo ndipo mashine ya kuamshia ilipopata pa kushika. Ilisoma urithi wa mwili katika unywele, ikakisia koo, sauti, ulimi na wepesi wa hasira. Kisha nafasi zilizobaki ikazijaza kwa maelfu ya maandishi ya mji wake, mikataba ya maji, nadhiri za hekaluni, ugomvi wa mipaka ya mashamba. Mwisho ikamfundisha Kiswahili cha wanaomzunguka. Aliyetoka humo hakuwa marehemu yuleyule hasa, wala hakuwa kitu cha kubuni. Alijua mama yake aliungaje dengu. Hakujua mama yake aliitwa nani. Jina ni kitu ambacho unywele haukibebi.

Na jina ndilo lililokuwa shida. Sheria ya Waamshwa ilisema hivi: mwamshwa ambaye jina lake liliandikwa alipokufa ni mtu, ana haki ya kuendelea kuwapo; asiye nalo ni kielelezo, na kielelezo huzimwa maonyesho yakiisha. Sheria haikutungwa kwa roho mbaya. Kabla yake, wajanja fulani waliamsha watu elfu arobaini ambao hawakuwahi kuzaliwa, wakawapigisha kura. Tangu hapo serikali ikawaogopa watu wasio na majina kuliko inavyoogopa kipindupindu.

Vichwa kumi na sita vilivyoonyeshwa pamoja naye vilikuwa na vitako vyao vya jiwe, na kwenye kila kitako jina la mwenyewe. Shamsa aliyasoma yote, na wote kumi na sita walikwisha kupewa hati za utu. Mmoja alikuwa tayari amegombana na jirani. Huyu wa kumi na saba peke yake alitoka kwa tajiri mmoja wa ng'ambo, akiwa amekatwa kwa msumeno chini ya shingo.

"Mwaona nyuso zetu zafanana," Bibi alisema asubuhi ile. "Hamjakosea. Fundi huchonga vichwa wakati wa kiangazi, havina mwenyewe, akavipanga rafuni. Mtu akifa, jamaa zake huenda kuchagua, kama mnavyochagua sufuria. Uso ni wa fundi. Jina likishakatwa kwenye kitako, hapo ndipo jiwe huwa mtu. Jamaa zangu walisimama nyuma ya fundi, binti. Walimtajia herufi moja moja na kumchunga asikosee. Hilo nalijua, maana ndivyo ilivyofanywa kwa kila mtu."

"Nalijua, Bibi."

"Aliyenikata alikuwa na haraka. Au alikuwa wa kushoto. Mkato umekaa upande, nausikia."

Shamsa aliinama chini ya shingo. Alijifanya anapima. Chini ya taya la kichwa kulikuwa na mshipa wa kahawia ndani ya jiwe, mwembamba, ulioteremka hadi kwenye mkato na kuishia hapo. Alikuwa ameutazama tangu siku kichwa kilipofunguliwa sandukuni, na kila siku aliutafutia sababu nyingine. Sasa zilibaki siku tisa na sababu zilikuwa zimemwishia. Babu mzaa babu yake, Karama Bamahriz, alikuwa wa kushoto. Na ule mshipa, Shamsa alijua unaendelea wapi. Aliujua kwa kisigino.

2

Tangu bahari ilipopanda, Mji wa Kale uliinuliwa juu ya nguzo, nyumba moja baada ya nyingine, na milango yake na misumari yake na ugomvi wake wote. Nyumba ya kina Bamahriz ilipandishwa na ua wake, na uani, karibu na bomba, jiwe lilirudishwa palepale lilipokuwa, limeegemea ukuta.

Shangazi Salha alikuwa amekaa juu ya kibao, mguu mmoja ndani ya beseni, mwingine juu ya jiwe, akisugua.

"Shamsa!"

"Labeka, shangazi."

"Mbona umesimama mlangoni kama umekuja kuposa? Ingia. Chai iko."

Shamsa aliingia lakini hakukaa. Aliangalia kisigino cha shangazi yake kinavyokwenda na kurudi, kinavyokwenda na kurudi, juu ya jiwe jeupe lililokuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki.

Katika nyumba ile liliitwa jiwe la magaga. Kila Alhamisi alasiri watoto walipangwa foleni mbele yake wasuguliwe visigino, ili Ijumaa wasitoke na miguu ya kobe. Bibi harusi wa ukoo hakutolewa nje kabla hajapitishwa hapo. Siri ya jiwe, wanawake wakisema, ni zile chorachora zake: ziling'ata ngozi kavu kuliko jiwe lolote la dukani. Shamsa akiwa na miaka saba alizijua chorachora zile kwa unyayo kabla hajazijua kwa jicho. Palikuwa na mduara. Palikuwa na ngazi. Palikuwa na uma wa meno matatu. Alizipenda mpaka akaenda kuzisomea chuo kikuu, na huko, mwaka wa pili, mwalimu alipoweka picha ukutani, ndipo alipofahamu kwamba nyumbani kwao wanasugulia miguu kitako cha kaburi.

"Shangazi, nataka kulichukua jiwe."

"Lipi?"

"Hilo."

Mguu ukasimama. "Ulipeleke wapi?"

Shamsa akamweleza. Alieleza kuhusu kichwa, na mkato wa msumeno, na mshipa wa kahawia. Alieleza kwamba babu Karama, aliyesifiwa kwa biashara ya kahawa, alileta ndani ya magunia ya kahawa vichwa vya makaburini, akavikata vitako kwa sababu kichwa kitupu ni chepesi kusafirisha na wazungu walipenda kukisimamisha juu ya mbao nyeusi. Vitako akavitupa. Kimoja akakiweka uani.

"Wallahi huna haya," Shangazi Salha alisema. "Babu wa watu kafa miaka sabini, picha yake iko ukumbini, mwamuombea dua kila mwaka, leo waja kuniambia alikuwa mwizi wa makaburi?"

"Shangazi, si alikuwa?"

Shangazi Salha akautoa mguu ndani ya beseni, akaufuta taratibu kwa leso. Alikuwa mwanamke wa miaka themanini aliyezika waume wawili na hakupenda kuharakishwa.

"Wasema ni jina la mtu."

"Ni jina la mwanamke. Ana siku tisa. Nikilisoma, ataendelea kuishi."

"Basi lisome. Nani kakushika mkono? Lisome hapohapo."

Shamsa alipiga magoti, akalimwagia maji jiwe, akaliinamia. Alipitisha vidole juu yake kutoka kulia kwenda kushoto, jinsi maandishi yale yanavyosomwa. Upande wa kulia, ambako jina huanza, vidole viliteleza. Katikati viliteleza. Kushoto kabisa, penye ukingo ulioegemea ukuta, viligusa mkwaruzo, ukatoweka.

Shangazi Salha alikuwa anamtazama yeye, hatazami jiwe.

"Wewe umelijua jambo hili tangu lini?"

Hapo ndipo Shamsa angeweza kusema, tangu wiki hii. Lakini shangazi yake alimlea.

"Tangu mwaka wa pili chuo kikuu."

"Miaka mingapi hiyo?"

"Ishirini na sita."

"Na wakati ule, herufi zilikuwapo?"

"Zilikuwapo. Si zote. Lakini zilikuwa zasomeka."

"Mbona hukuzisoma?"

Mbona hakuzisoma? Baba yake alikuwa hai, mzee wa msikiti, na jina la ukoo lilikuwa juu. Yeye mwenyewe alikuwa akitafuta kazi kwenye majumba ya makumbusho, na nani angemwajiri mjukuu wa mwizi wa makaburi? Kulinakili jina ilikuwa kukiri kwamba ni jina. Alijiambia kitako bila kichwa hakina maana, na kichwa hakitapatikana kamwe. Akawa kila Ijumaa anakuja kula pilau hapa, anapita kando ya bomba, anamwona shangazi yake anasugua, na anasema, "Hodi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Shangazi Salha alisema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma Shamsa. "Mimi nilisugua kwa ujinga, mwanangu. Wewe ulinyamaza kwa elimu. Lichukue. Na usinirudishie."

3

Mkono wa mashine ulikishusha kichwa juu ya kitako polepole sana, huku Mwakio akizuia pumzi. Mshipa wa kahawia uliteremka kwenye shingo, ukavuka mkato, ukaendelea ndani ya kitako bila kupotea hata upana wa uzi.

Taa ya kijani ilimetameta.

"Nimekaa," Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Tangu mniamshe nilikuwa nimesimama kwa shingo. Alhamdu... nyinyi husemaje?"

"Alhamdulillahi," Mwakio alisema, ingawa yeye alikuwa Mkristo wa Taveta.

"Hilo. Haya binti, soma."

Chombo cha Mwakio hakikusoma herufi. Kilisoma kuumia kwa jiwe. Patasi inapopiga, chembe za jiwe chini ya mkato huvunjikavunjika, na kuvunjika huko hubaki hata herufi ikisuguliwa ikaisha, mpaka kina cha unene wa kucha. Ni kanuni ileile ambayo polisi huitumia kurudisha nambari ya bunduki iliyopigwa tupa. Chombo kilipita juu ya kitako mara kumi na mbili, na kila kilipopita, picha kwenye kioo ilibaki nyeupe.

Visigino vya kina Bamahriz, vizazi vinne, vilikuwa vimekwenda chini kuliko kucha.

Mara ya kumi na tatu, kwenye ule ukingo wa kushoto uliogusa ukuta, ambako kisigino hakifiki, zilitokea herufi. Ngazi. Kisha nyingine nne. Shamsa alizisoma kwa sauti, kama kawaida yake.

"Wa ukoo wa Hadran."

"Hadran," Bibi alirudia. "Hadran. Haya. Na mwanzo?"

"Mwanzo hakuna, Bibi."

Mwakio alimvuta Shamsa kando, karibu na dirisha. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Bi Shamsa, nisikilize. Ile nafasi iliyofutika inaingia herufi kama tano. Wewe una majina elfu tatu kichwani. Chagua moja la kike, la mji ule, la herufi tano. Andika, umeona dalili zake kwenye picha. Nani duniani atakupinga? Yule mzee kipofu?"

"Mwakio, huo ni uongo wa kiapo."

"Ni uongo wa kuokoa nafsi. Hata vitabu vinaruhusu. Nimekaa na huyu mama miezi mitano ananinunia kila asubuhi, na sitaki nije asubuhi moja nikute jiwe."

Shamsa alirudi akakaa mbele ya kichwa. Alimweleza Bibi yote, kwa sababu hakuwa na nguvu tena za kuficha. Alimweleza habari za Karama na msumeno, za Alhamisi alasiri na foleni ya watoto, za kisigino chake mwenyewe. Alimweleza miaka ishirini na sita. Macho ya kombe hayana kope, kwa hiyo muda wote yalimtazama.

"Babu yako akakata," Bibi alisema hatimaye, "mama zako wakasugua, nawe ukaangalia. Kazi ya ukoo mzima hiyo. Sisi Hadran hata kisima hatukuwahi kuchimba kwa umoja namna hiyo."

Shamsa alilia. Bibi alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Mwakio asema nikupe jina," Shamsa alisema.

"Nimesikia. Masikio yangu ni madogo lakini yafanya kazi. Jina la nani?"

"La yeyote. Mtu aliyekwisha kufa."

"Ndiyo maana nasema hamjui mnachokichezea. Ukikata jina la mwingine chini yangu, mwenyewe atakuja kukaa. Mimi nitakwenda wapi? Afadhali mnizime nikiwa si mtu, kuliko niishi nikiwa mtu mwingine. Usinivike jina la bandia ili usafishe visigino vyako, binti. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Na hapa lazima isemwe, maana baadaye Shamsa mwenyewe hakuweza kuikwepa: aliposikia maneno yale, alishusha pumzi. Kuapa uongo kulimtisha. Siku ikigundulika, kazi ingekwenda, na yale majina elfu tatu yangetiliwa shaka yote. Sasa mwenyewe amekataa, na Shamsa alitakiwa tu kuheshimu. Ukweli ulikuwa umekuwa rahisi. Kulikuwa na siku saba mbele yao, na katika siku zote saba alimsalimia Bibi, wakazungumza juu ya dengu na kiangazi na mafundi, lakini swali lile hakuliuliza mara ya pili.

4

Baraza la watu watatu lilikaa katika ukumbi uleule, saa nne asubuhi ya siku ya mwisho, wafanyakazi wakiwa tayari wanakunja mabango ya maonyesho. Mwenyekiti, Bi Kadzo, alikuwa mwanamke mwenye subira, aliyependa kila jambo lisemwe mara moja na liishe.

"Msomaji ataapa. Kauli yake ikishaingia daftarini haifutwi wala haibadilishwi. Wajua hilo, Bi Shamsa?"

"Nalijua, Mwenyekiti."

Akaapa. Mwakio alisimama kando ya mashine na fomu yake, hamtazami mtu.

"Umekichunguza kitako?"

"Nimekichunguza. Ni chake. Mkato na mshipa vinalingana."

"Kina jina?"

Shamsa aliangalia kile kichwa. Taa ilikuwa ya kijani, tulivu. Kilionekana kama kilivyoonekana siku zote, chenye fahari, kimebana mdomo. 

"Kilikuwa nalo. Limesuguliwa likaisha, nyumbani kwetu, na watu wa kwetu, mimi nikiwa mmoja wao. Kilichobaki ni ukoo wake: wa Hadran. Jina lake siwezi kulisoma, na sitalibuni."

 Alilisema vizuri. Alikuwa amelifanyia mazoezi, na alijisikia, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, kuwa mtu mkweli. Utamu wa jambo lile alikuja kuuchukia maisha yake yote.

Bi Kadzo alishauriana na wenzake kwa kuinamishiana vichwa tu. "Sheria inataka jina. Ukoo si mtu. Baraza linasikitika. Kielelezo cha kumi na saba kizimwe. Fundi, endelea."

Kuzima huchukua dakika nne. Mashine haikati ghafla. Hukunja kwanza yaliyo mbali, lugha ya mikataba, majina ya miungu, mipaka ya mashamba, ikirudi taratibu kwa mwenyewe. Mwakio aligeuza ufunguo, na taa ya kijani ikaanza kupiga kama mapigo ya moyo.

Dakika ya kwanza ikapita. Kisha Bibi akasema, kwa sauti ndogo ambayo hawajapata kuisikia:

"Binti."

"Bibi, niko hapa."

"Nilisema kwa kiburi."

Shamsa akasogea karibu na kichwa.

"Nilidhani utanibembeleza," Bibi alisema. "Kwetu mtu hukataa mara tatu kabla hajapokea. Mgeni akipewa maziwa hukataa mara tatu. Mjane akiambiwa aolewe hukataa mara tatu. Nilikataa mara moja, nikawa nangoja. Siku saba nangoja uulize tena. Binti, nipe jina lolote."

"Mwenyekiti!" Shamsa aligeuka. "Nabadilisha kauli. Nimeona herufi, nilikosea, nina jina."

"Bi Shamsa." Bi Kadzo alikuwa amesimama, na uso wake haukuwa wa jiwe, machozi yalimlenga. "Umeapa hutalibuni. Ukisema sasa unalo, tuamini lipi? Limekwisha kuingia."

"Mwakio, simamisha!"

"Ufunguo haurudi, Bi Shamsa. Ukishageuka haurudi." Mwakio alikuwa ameushika kwa mikono miwili, anaupinda, na haurudi.

"Basi waache na daftari lao," Bibi alisema. Maneno yalikuwa yanampungua. Aliyatafuta moja moja. "Niite tu. Kwa mdomo. Nisiondoke bila kuitwa. Hata la mbwa. Niite."

Zilibaki dakika mbili. Shamsa alifungua mdomo. Majina elfu tatu yalikuwa mle, aliyasoma yote kwa sauti, aliyajua kwa mpangilio wa makaburi yao, na kila alilolishika lilikuwa na uso wake, kitako chake, jamaa zake wamesimama nyuma ya fundi wanachunga asikosee. Hili la fulani. Hili la fulani. Akalifikiria la mama yake, akalifikiria la kwake mwenyewe, na ulimi ulioapa haukugeuka. Taa ilipiga polepole, kisha polepole zaidi.

"Niite," sauti ilisema, na sasa haikuwa na umri.

Na kile kilichotoka mdomoni mwa Shamsa, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, kwa sababu alikisikia kila asubuhi kwa miezi mitano, kilikuwa:

"Kumi-na-Saba!"

"Labeka," Bibi akaitika.

Taa ikazimika. Macho ya kombe yalibaki wazi, kama yalivyokuwa kabla hajaamshwa, yakimtazama aliyesimama mbele yake.

 Kisha Mwakio akaiokota fomu yake sakafuni, akaiweka juu ya goti, akatia alama kwenye kisanduku cha "ameitika".